Deni Linahesabiwa, Masomo Hayahesabiwi

HELB wanajua fika kwamba nilisoma chuo kikuu miaka miwili. Mkopo wa mwaka wa kwanza uko pale kwenye mfumo wao, wa mwaka wa pili pia uko pale, shilingi kwa shilingi. Sina ugomvi nao. Nilikopa, nitalipa. Deni halijali kama ulimaliza au uliachia njiani, na ni sawa liwe hivyo.

Sasa muulize mtu mwingine yeyote kama nilisoma. Fomu za kazi zinataka kujua kiwango changu cha juu zaidi cha elimu, na mimi naandika KCSE. Kwa majirani mimi ni yule kijana aliyeacha chuo akaanza kuongea na simu yake. Yuniti 17 nilizopita, zingine nikiwa nimelala njaa usiku wa kuamkia mtihani, zimegeuka hewa. Mwaka wa tatu karo ilitushinda nyumbani, nikatoka, na tangu siku hiyo ni kama kuna mtu alipitisha dasta ubaoni.

Wasee, hoja yangu ya leo ni moja tu. Kama deni la miaka miwili linaweza kuhesabiwa, masomo ya miaka miwili pia yanaweza kuhesabiwa. Tunaambiwa kila siku kwamba suluhisho letu ni digrii za bei nafuu za mtandaoni. Nakubali, ni njia nzuri. Lakini mtu aliyefika katikati ya daraja ukimwambia arudi mwanzo, hata daraja liwe la bure, umemchosha tu.

Vitu vitatu kwenye sufuria moja

Tangu nianze kuongea wazi kuhusu kuacha chuo, simu yangu imejaa matangazo. Digrii kwa miezi sita. Digrii bila mtihani. Digrii kwa bei ya viatu. Na kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya tangazo na swali lile lile: "Buda, hii ni ya ukweli ama nitabebwa ufala?"

Mimi huanza kwa kutenganisha vitu vitatu ambavyo wauzaji wanapenda kuvipika kwenye sufuria moja.

Cha kwanza ni cheti cha kukamilisha kozi. Umetazama video, umejibu maswali, umepata karatasi yenye jina lako. Kozi nyingi za Coursera na edX ni za aina hii. Si mbaya hata kidogo. Mimi nimejifunza kusafisha sauti na kupanga data kwa kozi kama hizo, na zinanilipia nyumba. Lakini cheti hicho kinasema tu kwamba ulifika mwisho wa kozi. Chuo kikuu hakilazimiki kukihesabu.

Cha pili ni krediti. Krediti ni kipimo cha kazi uliyofanya, ukatahiniwa, ukapita. Katika mfumo wa Kenya krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasa, kusoma mwenyewe, kazi ulizopewa na mtihani. Ichukulie kama jiwe la kujengea. Jiwe moja halikukingi mvua, lakini ukiyapanga mengi unapata nyumba.

Cha tatu ni digrii yenyewe, nyumba iliyoezekwa, inayotolewa na chuo chenye ruhusa ya kisheria kutoa digrii.

Anayekuuzia cha kwanza kwa jina la cha tatu anakuibia. Na mtu mwenye cha pili akiambiwa hana chochote, huyo pia ameibiwa. Wizi wa kwanza tunauongelea sana. Wa pili tunaunyamazia, kwa sababu aliyeibiwa anaona aibu kusema aliacha chuo.

Nani amekagua?

Kabla sijafika kwa huo wizi wa pili, tumalize wa kwanza, kwa sababu kuna watu wako karibu kutuma pesa leo jioni.

Neno ithibati linasikika la ofisini, lakini maana yake ni rahisi. Kuna mtu asiyekuwa mwenye chuo ambaye amekikagua na kusema kwamba kweli kinafundisha kile kinachodai kufundisha. Hapa Kenya kazi hiyo ni ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, wengi tunaijua kwa herufi zake, CUE. Inaidhinisha vyuo, inaidhinisha programu moja moja, na inatambua digrii za kutoka nje. Orodha ziko kwenye tovuti yao, na kuzisoma hakukugharimu zaidi ya bando. Halafu kuna KNQA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2014, ambayo imepanga vyeti vyote vya nchi kwenye ngazi 10. Diploma iko ngazi ya 6, digrii ya kwanza ngazi ya 7, na uzamifu uko juu kabisa ngazi ya 10. Mtu akikuuzia kozi, muulize iko ngazi gani. Akianza kukuzungusha, umeshapata jibu.

Na usiangalie jina la chuo pekee. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa halafu programu fulani ndani yake iwe bado haijaidhinishwa. Angalia vyote viwili.

Kwa nini nasisitiza hivi? Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilianika kampuni ya programu za kompyuta iliyoitwa Axact, ya Karachi, Pakistan. Kumbe ilikuwa ikiendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo vya bandia, vyenye majina ya Kimarekani, picha za wanafunzi wanaotabasamu, hata mashirika ya bandia ya kuvipa ithibati. Soma hapo tena: hata wakaguzi walikuwa wa bandia. Kwa hivyo tovuti ikikuambia "tumeidhinishwa," swali linalofuata ni moja. Na nani? Kisha unamtafuta huyo "nani" mwenyewe, si kwa kubonyeza kiungo alichokupa muuzaji.

Lakini pia usiseme kila cha bei ya chini ni feki. Chukua University of the People ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 2009 na Shai Reshef, na mwaka 2014 ikapata ithibati ya DEAC, shirika la huko linalokagua vyuo vya masafa. Hicho ni chuo cha kweli chenye walimu na mitihani ya kweli. Hakitozi karo ya kufundishwa, ila kinatoza ada ya kuomba nafasi na ada ya tathmini kwa kila kozi. Kwa hivyo neno "bure" lisome mara mbili. Zidisha hiyo ada kwa idadi ya kozi zote, kwa dola, na ukumbuke kwamba dola haikusubiri uchange. Halafu ukumbuke jambo kubwa zaidi: ithibati ya Marekani haigeuki yenyewe kuwa utambuzi wa Kenya. Ukitaka kutumia digrii hiyo hapa nyumbani, waandikie CUE kabla hujalipa shilingi ya kwanza, na uweke jibu lao mahali salama.

"Hiyo ni digrii ya simu"

Mjomba wangu, mtu ninayemheshimu sana, ana msemo wake. Nikimwambia kuna vyuo unasomea mtandaoni mwanzo hadi mwisho, anatikisa kichwa. "Mwanangu, hiyo ni digrii ya simu. Nani atakuajiri na digrii ya simu?"

Simlaumu. Kwa kizazi chake chuo kilikuwa geti, bweni, foleni ya chakula na joho. Lakini ukweli ni kwamba kusoma ukiwa mbali na darasa ni kitu cha zamani kuliko intaneti yenyewe. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. Nelson Mandela alipata digrii yake ya sheria hapo mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Sijawahi kusikia mtu akiita ile "digrii ya posta."

Uingereza walianzisha Open University mwaka 1969. Jirani zetu Tanzania walipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na mwaka 1994 wanafunzi wa kwanza wakaanza kusoma. Sisi tulichelewa, lakini tukafika. Open University of Kenya ilipata hati yake Agosti 2023, makao yake yako Konza, nje kidogo ya Barabara ya Mombasa, na ilianza na programu kama sayansi ya data, usalama wa mitandao, uchumi na takwimu, na biashara. Ni chuo cha umma. Ukifaulu hapo cheti chako kinasema digrii, hakisemi ulikuwa umekaa wapi ulipokuwa ukisoma.

Tusidanganyane kwamba mtandaoni kila kitu ni mteremko. Bando ni pesa. Stima ikipotea usiku wa kuwasilisha kazi, umepotea nayo. Keja ya chumba kimoja yenye watu wanne si mahali pa kusikiliza somo la saa mbili. Maktaba za taifa kama ile ya Buruburu zinasaidia, lakini hazifunguliwi saa sita usiku, na huo ndio muda mwenye kazi anasoma. Hata hivyo, ukilinganisha na kodi ya nyumba karibu na kampasi, nauli, chakula, na kazi unayoiacha ili ukakae darasani saa nne asubuhi, hesabu inaelekea upande wa mtandao. Kwa mtu anayejilipia mwenyewe, hiyo ndiyo tofauti kati ya kusoma na kutosoma.

Kwa hivyo barabara ipo. Shida ni kwamba kila anayeingia anaambiwa aanzie kilomita sufuri.

Magoli hayafutwi

Michael Olunga alipotoka Gor Mahia mwaka 2016 kwenda kucheza Uswidi, hakuna aliyefuta magoli aliyofungia K'Ogalo. Yaliandikwa, yamebaki, na ndiyo yaliyomfungulia mlango. Mwalimu wa chuo akihama kutoka kampasi moja kwenda nyingine, anahama na miaka yake yote ya kazi na makala zake zote. Mwanafunzi akihama? Sufuri.

Kwenye karatasi haipaswi kuwa hivi. Kuhamisha krediti kunaruhusiwa Kenya. Kuna kikomo, na kikomo chenyewe nakielewa: sehemu kubwa ya digrii lazima uisomee kwenye chuo kitakachoweka muhuri wake kwenye cheti. Hiyo ni haki. KNQA nayo ina kazi ya kuhakikisha masomo yanaweza kujumlishwa na kuhamishwa. Hata marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2017 walitangaza kanda yetu kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi wa Kampala na wa Eldoret wasome vitu vinavyolingana. Maneno mazuri tunayo ya kutosha.

Wengine walishaanza kitambo. Ulaya wana mfumo wa ECTS tangu mwaka 1989. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na mwanafunzi akisoma nusu mwaka Lisbon anarudi kwao Berlin na krediti zake mfukoni. Marekani kuna mitihani ya CLEP tangu 1967. Unasoma mwenyewe, unafanya mtihani, ukipita unapata krediti kwenye vyuo vinavyoikubali bila kukaa darasa lile. Uingereza mtu akitoka baada ya mwaka mmoja anaweza kupewa cheti cha elimu ya juu, na akitoka baada ya miwili anaweza kupewa diploma. Hatoki mikono mitupu.

Sasa njoo huku kwetu uone inavyokuwa. Chuo nilichosoma sitakitaja, na sidhani kiko peke yake. Nilirudi kuomba transkripti ili nijaribu kuhamia mtandaoni.

"Madam, habari ya asubuhi. Naomba transkripti yangu ya mwaka wa kwanza na wa pili."

"Uko na salio, kijana. Lipa kwanza."

"Sina kazi ya kunilipa hivyo, Madam. Na kazi yenyewe wanataka karatasi."

"Hilo ofisi hii haiwezi kukusaidia. Anayefuata!"

Hakunikosea heshima. Alikuwa anafuata kanuni aliyopewa. Ni kanuni yenyewe ambayo ni mduara: huwezi kulipa kwa sababu huna karatasi, na huna karatasi kwa sababu hujalipa. Na hata ningelipa, yuniti mbili kwenye portali zilikuwa na kistari mahali pa alama. Mtihani niliufanya, karatasi ya mahudhurio nilitia sahihi, lakini alama hazipo. Mwanafunzi yeyote wa Kenya anaijua hiyo hadithi, mpaka tumeipa jina kama vile ni ugonjwa wa kawaida.

Utetezi wao, na jibu langu

Nimesikia utetezi, na hauko bure.

Wa kwanza ni pesa. Vyuo vya umma vimebanwa, vina madeni makubwa, na vikiachilia transkripti bila salio kulipwa, watu watachukua karatasi watoweke. Naelewa. Lakini si deni tayari tunajua kulifuatilia nchi hii? Mkopo wa masomo unafuatwa kwa kitambulisho na namba ya KRA hadi kwenye mshahara. Salio la karo linaweza kusajiliwa vivyo hivyo, likalipwa polepole. Chuo kinaweza kutuma matokeo moja kwa moja kwa chuo kingine, bila kunipa mimi mkononi, na deni langu likabaki palepale. Cheti cha mwisho kikizuiliwa hadi nilipe, sawa, tutaongea. Lakini kuzuia matokeo ya mtu ambaye bado anajaribu kusoma hakuleti pesa. Kunamzuia tu asipate kazi ambayo ingelipa hiyo pesa. Wizara ya Elimu imewaambia walimu wakuu mara kadhaa waachilie vyeti vya KCSE vilivyofungiwa kwa sababu ya karo. Kwani mtu akivuka miaka 18 hoja inabadilika?

Utetezi wa pili ni ubora. Chuo kinasema: tutajuaje yuniti yako ya takwimu kule ilikuwa na uzito kama yetu? Swali zuri. Jibu ni kwamba ndiyo sababu tuna CUE na zile ngazi 10. Linganisheni muhtasari wa kozi. Wekeni alama ya chini ya kukubalika, hata iwe B. Mkiwa na shaka, nipeni mtihani. Nitaufanya. Ninachokataa ni kuambiwa nilipie tena na nikae tena miezi minne nikifundishwa kitu ninachokijua, eti kwa sababu hakuna mtu mwenye muda wa kufungua faili.

Na hapa kuna jambo linalonishangaza. Nchi yetu imeshakubali kwamba ujuzi uliopatikana nje ya darasa unaweza kupimwa na kutambuliwa. Fundi wa magari wa Kirinyaga Road ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha ufundi anaweza kupimwa na kupewa cheti kinachotambulika. Hiyo ni safi sana, naipigia makofi. Sasa mtu aliyefanya mtihani ndani ya ukumbi wa chuo kikuu, akasimamiwa, akasahihishiwa, akapita, anakuwaje vigumu kumtambua kuliko fundi?

Tupige hesabu

Chukua digrii yenye yuniti 40. Wanjiku wa kubuni amepita 17 kabla ya karo kumshinda. Zote zikihesabiwa, amebakisha 23. Sehemu ya karo imekatwa bila mtu yeyote kumpa msaada wala basari. Akisoma yuniti tano kila muhula huku anafanya kazi, anamaliza kwa mihula mitano. Zisipohesabiwa, ana mihula minane mbele yake, na amelipia zile 17 mara mbili.

Hiyo ndiyo sababu nasema krediti inayohamishika inaweza kupunguza bei ya digrii kuliko punguzo lolote la karo. Chuo cha mtandaoni kinaweza kushusha bei ya yuniti hadi chini kabisa, lakini yuniti ya bei ya chini zaidi ni ile uliyokwisha kuipita.

Ninachodai ni vitu vinne. Chuo kikiombwa na chuo kingine, kitume matokeo ya mwanafunzi hata kama ana salio, na salio libaki kwenye kumbukumbu. Alama zinazokosekana ziwekewe makataa, na makataa yakipita ofisi ndiyo iwajibike, si mwanafunzi. Kila chuo, hasa vya mtandaoni, kiweke wazi kinakubali yuniti gani, kutoka wapi, kwa alama gani, na kitajibu baada ya siku ngapi. Na mtu aliyemaliza miaka miwili vizuri apewe kitu chenye jina na ngazi, ili kwenye fomu ya kazi asilazimike kuandika KCSE.

Kwa wewe uliye njiani

Haya ya sera yatachukua muda. Wewe una maamuzi ya kufanya mwezi huu, kwa hivyo wacha nikupe ya kukusaidia sasa.

Kama bado uko chuoni na unaona mambo yanakaza, usitoke kimya kimya. Omba likizo ya masomo kwa maandishi, upate barua yenye muhuri. Mtu mwenye barua ameahirisha. Mtu asiye na barua ametoroka, hata kama sababu ni ile ile.

Pakua kila kitu sasa hivi, portali ikiwa bado inakufungukia: matokeo ya muda, risiti za karo, na muhtasari wa kila kozi. Muhtasari ni muhimu kuliko unavyofikiri. Chuo kipya hakitaki kujua tu kwamba ulipata B ya kozi fulani. Kinataka kujua mlifundishwa nini humo ndani. Picha ya simu ni bora kuliko kukosa, lakini tafuta nakala yenye muhuri.

Kama umeshatoka na unatafuta chuo cha mtandaoni, uliza maswali manne kabla ya kutuma pesa. Nani amekiidhinisha, na programu yangu imo? Mnakubali yuniti ngapi nilizopita, na mtanijibu lini kwa maandishi? Gharama yote hadi siku ya mahafali ni kiasi gani, ukijumlisha usajili, mitihani na cheti? Na mitihani inafanyika wapi, kwa njia gani? Chuo cha kweli hakikasiriki kwa maswali haya. Muuzaji anayekuharakisha kwamba ofa inaisha usiku wa leo, muache ofa yake iishe.

Kama unachosomea ni taaluma yenye bodi yake, kama sheria, uuguzi au uhandisi, uliza bodi hiyo pia. Digrii inaweza kuwa halali kabisa na bado isikuruhusu kufanya kazi unayoitaka. Afadhali ujue kabla ya kuanza.

Na usidharau mkondo wa diploma. Kwa wengine wetu njia fupi ya kurudi ni kuchukua diploma inayotambulika, ngazi ya 6, ufanye kazi, kisha upande ngazi ya 7 kwa mtandao ukiwa unajilipia. Hakuna aliyesema lazima uruke ngazi zote kwa siku moja.

Kuna watu watasoma hapa waseme, si wewe una wafuasi, unalipwa na matangazo, digrii ya nini? Ninapenda kazi yangu. Sitaiacha hata nikipata hiyo digrii. Lakini video inaweza kukosa soko kesho asubuhi, na nilichosoma kimo kichwani mwangu hata simu ikizima. Sidai zawadi. Nadai risiti ya kitu nilichokilipia na kukitolea jasho.

Una yuniti zako mahali fulani, kwenye faili yenye vumbi ama portali iliyokufungia nje. Wiki hii ziandike zote kwenye karatasi moja: jina la kozi, mwaka, alama. Uzihesabu. Halafu niandikie hapo chini ni ngapi, bila kutaja jina la chuo. Tukijumlisha zetu zote tutaona ni miaka mingapi ya masomo nchi hii imeamua kuyaita hewa, na tutakuwa na namba ya kwenda nayo pale wanakohesabu namba.